Bunduki Iliyolala Kwenye Friza

Mara ya kwanza bunduki ya Nedra Brandvold ilipokataa kulia, alidhani amesahau kutia risasi. Alivuta kifyatulio, akasikia mlio mdogo mkavu kama wa mtu anayebofya kalamu, kisha kimya. Alikuwa ameketi kwenye benchi la uwanja wa shabaha nje ya mji wa Corvin, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye komeo linalofungia risasi.

"Usiifungue," alisema Thora Dahlgren, mama aliyesimamia uwanja huo na rafiki yake tangu walipokuwa shule. Hakupandisha sauti. "Iache iangalie huko huko. Ngoja."

Wakangoja. Kuna risasi zinazochelewa, zinazoamua kulia baada ya mtu kukata tamaa, na anayefungua komeo wakati huo anajitafutia msiba. Ilikuwa asubuhi ya mwezi Machi, umande umeganda kwenye nyasi, lakini Nedra alihisi jasho likimteremka mgongoni chini ya koti. Thora alipotoa idhini, alivuta komeo polepole, na risasi ikatoka nzima ikaanguka mezani. Thora aliiokota akaigeuza. Kwenye kitako chake palikuwa na kidoa kidogo tu, kana kwamba imeguswa kwa ncha ya penseli.

"Imeguswa tu, haikupigwa," alisema Thora. "Mwenzangu, bunduki yako ina haya."

Nedra alicheka ili mradi tu acheke. Moyoni hakuona la kuchekesha. Majira yote ya baridi alikuwa ameyamaliza gerejini akiitengeneza bunduki ile, ya kwanza maishani mwake. Miaka mingi alifanya kazi kiwandani kupasua mbao, na kiwanda kilipofungwa akawa dereva wa basi la shule, kazi ya asubuhi na alasiri, katikati hana la kufanya ila kutazama theluji. Mumewe, Lyle, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, wiki yuko na wiki hayupo. Basi Nedra akanunua chuma cha katikati cha bunduki kuukuu kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama, akanunua mtutu mpya, akampelekea fundi wa kukereza vyuma auingize, na kitako chote akakichonga mwenyewe kwa ubao wa mjozi aliouhifadhi tangu enzi za kiwandani. Kitako kilitoka kizuri mno. Watu walikipapasa kama wanavyopapasa shingo ya farasi.

Uzuri ulikuwa ndio huo peke yake. Risasi za kwanza mbili ziligonga karatasi zikiwa karibu karibu, ya tatu ikaenda kulia, ya nne ikapanda juu kulia, na ya tano huijui imekwenda wapi. Mtutu ukipoa, inaanza tena upya vilevile. Sasa juu ya upotovu huo ikaongezeka na haya.

"Itundike ukutani," Thora alimshauri. "Ni nzuri. Wageni wataisifu."

Pengine angeitundika, lau si baba mkwe wake.

Mzee Arvid Brandvold aliishi nao tangu alipofiwa na mkewe. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ulimi ambao hata mbwa wa nyumbani alijifunza kuukwepa. Ile bunduki tangu ilipokuwa vipande aliiita ufagio. "Ufagio wako umefikia wapi?" aliuliza kila Nedra alipoingia jikoni na vumbi la mbao nywelani. Kila mwaka mzee huyo aliomba kibali cha kuwinda elki dume katika bonde la juu, kule ambako kulungu hao wakubwa kama ng'ombe wanashuka kabla ya theluji nzito, na kila mwaka bahati nasibu ya serikali ilimpita. Mwezi Juni mwaka huo jina lake likatoka.

Ila bega lake lilikuwa limepasuliwa wakati wa baridi, na daktari alishamwambia kwamba ile bunduki yake ya zamani, inayopiga teke kama nyumbu, ikimpiga mara moja tu itabomoa kazi yote. Ya Nedra ilikuwa ya risasi ndogo zaidi, teke lake jepesi.

Walikuwa mezani wakila viazi na nyama aliposema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Nitachukua ufagio."

"Baba, ile haijawa tayari."

"Leo Juni. Mimi naenda mwisho wa Oktoba."

"Naweza kukuazimia ya kaka yake Thora. Nzuri sana, nyepesi."

"Mimi sijawahi kuazima mswaki wala bunduki," alisema Arvid. "Nikienda kwa mara ya mwisho, nakwenda na ya nyumbani kwangu. Kama ni ufagio, basi ni ufagio."

Lyle, ambaye siku hiyo alikuwepo, alimtazama mkewe akainua mabega. Baadaye, wakiosha vyombo, Nedra alimwambia kwa sauti ya chini, "Kule juu kuna dubu, Lyle. Mwaka jana wamemjeruhi mtu. Bunduki inayolia inapotaka siwezi kumpa mzee wa umri ule."

"Kwani ukimwambia hivyo atakusikiliza?"

"Hatasikiliza."

"Basi itengeneze," alisema Lyle, akimpa sahani aifute. Kwake lilikuwa jambo jepesi.

Tangu hapo Nedra hakulala vizuri. Akiendesha basi, watoto wakipiga kelele nyuma, yeye alikuwa akisikia ule mlio wa kalamu. Alimwona mzee amepiga goti kwenye theluji, dubu anakuja, na kidole kinavuta, tik. Akifika kituo cha mwisho alikuwa na maumivu ya shingo.

Alianza na upotovu, kwa sababu huo angalau ulionekana. Alichukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na mfereji wa mbao ulio chini yake, akikivuta taratibu kutoka mbele kurudi nyuma. Karatasi iliteleza, ikateleza, kisha ikanasa. Palikuwa na mahali mbao iliugusa mtutu upande wa kushoto, pembamba kama ukucha. Akaelewa mara moja, naye ni mtu wa mbao, akajionea aibu kwamba hakuelewa mapema. Mtutu ukipata moto unatanuka, mbao inausukuma, risasi inakwenda kulia. Alikwangua mfereji kwa msasa aliouzungushia kijiti, akapaka vanishi ndani ili unyevu usiivimbishe tena mbao, na karatasi ikapita bila kunasa.

Uwanjani risasi zikasogeleana, lakini bado haikutosha. Akafungua skrubu na kukuta chuma cha katikati kinacheza kidogo ndani ya kitako, mchezo ambao jicho haliuoni ila kidole kinausikia. Akamwaga gundi ngumu ya kuchanganya mahali chuma kinapokaa, akapaka nta kwenye chuma kisigande humo milele, akakibana, akaketi jikoni akiutazama mlango wa gereji kama mtu anayengoja habari za hospitali.

"Umekaa kama una ugonjwa," alisema Arvid.

"Nangoja gundi ikauke."

"Ufagio unagundishwa sasa. Mungu tusaidie."

Asubuhi iliyofuata chuma kilikataa kutoka. Nedra alikigonga kwa nyundo ya mpira, mara pole, mara kwa nguvu, machozi yakimlengalenga, akijiambia ameiua. Kisha kikaachia kwa mlio wa mkate unaobanduka kwenye sufuria, na chini yake gundi ilikuwa imechukua umbo la chuma kama matope yanavyochukua wayo. Alipopeleka bunduki uwanjani, risasi tano zilitoboa karatasi katika eneo ambalo ungeweza kulifunika kwa kizibo cha chupa. Thora aliishika ile karatasi juani akaigeuza pande zote mbili.

"Na haya zake?" aliuliza hatimaye.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Julai yote haikukataa hata mara moja. Agosti vilevile. Alikuwa ameshafungua komeo, amefuta kila kitu, ametia grisi mpya, na kila alipovuta, ililia. Mtu mwingine angefurahi. Nedra alizidi kuhangaika, maana ugonjwa uliojiendea wenyewe waweza kurudi wenyewe. Hakuwa ameona kitu kilichovunjika wala kilichopinda. Alikuwa amepangusa tu.

"Unatafuta shida ambayo haipo," Lyle alimwambia kwenye simu, akiwa barabarani mahali fulani.

"Ilikuwepo."

"Machi. Sasa ni Agosti."

Alipokata simu, neno hilo la Machi lilibaki sikioni. Akakumbuka nyasi zilizoganda. Akakumbuka kwamba bunduki ilikataa mara tatu kabla ya kiangazi, na kila mara ilikuwa asubuhi, na kila mara alikuwa amevaa glavu.

Friza kubwa la nyama lilikuwa gerejini. Nedra alihakikisha bunduki ni tupu, akaifunga kwa gunia, akailaza juu ya mifuko ya mbaazi na mkate wa viazi wa Krismasi iliyopita, akafunika. Hakumwambia mtu. Kesho yake alasiri, akirudi kutoka kuwashusha watoto, alimkuta mzee Arvid amesimama mbele ya friza lililo wazi, mkononi ameshika kijiko.

"Nimekuja kutafuta aiskrimu," alisema mzee. "Nimekuta maiti."

"Ni bunduki, Baba."

"Naona ni bunduki. Nauliza imekosa nini."

"Nataka kujua kama inaogopa baridi."

Arvid aligonga gunia kwa kijiko. Kisha akachota aiskrimu pembeni ya gunia, akaenda zake. Akiwa mlangoni alisema, "Usije ukaniletea mezani na viazi."

Nedra aliivua gunia, akaibeba mbio hadi nyuma ya ghala ambako palikuwa na tuta la udongo walilozoea kupigia shabaha. Chuma kilimng'ata vidole. Akatia risasi, akalenga tuta, akavuta.

Tik.

Alisimama mtutu ukiangalia tuta, akingoja kama alivyofunzwa, na katika kungoja kule aliona jinsi alivyokuwa karibu kumkabidhi mzee kitu hiki na kumtakia safari njema. Lakini alipokwisha kuifungua na kuitoa ile risasi yenye kidoa, kulikuwa na kitu kingine kimechanganyika na hofu: walau sasa adui ana jina.

Alilifungua komeo lote juu ya meza ya jikoni, likiwa bado la baridi. Ndani, mahali pini inapokimbia kwenda kugonga risasi, ile grisi yake nzito ilikuwa imeganda kama mafuta ya nyama kwenye supu ya jana. Ilikuwa grisi ya trekta. Alikuwa ameipaka yeye mwenyewe kwa upendo, na kwa wingi, akidhani anaikinga bunduki na kutu. Pini ilikuwa ikikimbia ndani ya uji. Na springi inayoisukuma, aliyoirithi pamoja na chuma kuukuu, alipoilinganisha na mpya aliyoagiza wiki ile, ilikuwa fupi, imechoka.

Aliosha kila kipande kwa spiriti hadi kikalia kikiguswa. Akatia springi mpya. Hakupaka kitu ila unyevunyevu wa mafuta mepesi kwenye kitambaa, kisha akaufuta na huo pia. Akairudisha kwenye friza.

Septemba yote bunduki ililala na mbaazi. Ikawa desturi ya nyumba. Lyle alirudi safari, akafungua friza kutafuta nyama ya kusaga, akafunga, akafungua tena. Kila ilipotoka ililia, na kila ilipolia Nedra alipata nafuu ya saa moja hivi. Kisha shaka inarudi. Friza si mlima. Kwenye friza hakuna upepo, hakuna theluji inayoingia kwenye komeo, hakuna mzee mwenye vidole vilivyokufa ganzi. Alimwuliza Thora mara ngapi zinatosha ili mtu aseme sasa inaaminika.

"Gari lako unaliamini?" Thora alimjibu.

"Naliamini."

"Liliwahi kukuzimikia barabarani?"

"Liliwahi."

"Ndiyo hivyo, mwenzangu. Ukitaka kisichokataa kabisa, nunua jiwe."

Haikumsaidia.

Walipanda bonde la juu mwisho wa Oktoba, Nedra na mzee, Lyle akiwa safarini. Waliiacha pikapu palipoishia njia ya malori ya magogo, wakavaa vizibao vya rangi ya chungwa, wakaenda kwa miguu kati ya misonobari. Kila mmoja alikuwa na kopo la pilipili ya kupuliza, ya kufukuzia dubu, kiunoni. Nedra alitaka kuibeba bunduki, mzee akakataa. Alitembea mbele, magoti yakimlia, akisimama mara kwa mara kujifanya anasikiliza wanyama, kumbe anatafuta pumzi. Theluji ilikuwa nyembamba, kavu, na kila upepo ulipoikumba matawini ilimwagika juu ya bunduki. Nedra aliiona ikitua juu ya komeo. Alijizuia asiende kuifuta.

"Unanipumulia shingoni," alisema Arvid bila kugeuka.

"Samahani, Baba."

"Kama ni bunduki inayokutia wasiwasi, mimi nimeishika tangu asubuhi na haijaniuma."

Waliketi ukingoni mwa uwazi mmoja, wakala mkate wa siagi ya karanga na jemu, wakanywa kahawa ya chupa. Elki walitoka miti ya upande wa pili jua likiwa limeshainuka: majike kwanza, wakichimba theluji kutafuta majani, na nyuma yao dume, pembe zake pana kama kitanda. Alikuwa umbali ambao Nedra mwenyewe angeufikiria mara mbili.

Mzee alilaza bunduki juu ya mkoba wake. Akalenga. Hakupiga. Dume aligeuka, akaonyesha ubavu wote, na bado mzee hakupiga. Nedra aliona mvuke wa pumzi yake ukitoka, ukakoma, ukatoka tena. Nedra aliuma glavu yake. Alikuwa akingoja ule mlio mdogo mkavu kwa nguvu kiasi kwamba, bunduki ilipolia, alishtuka kama yeye ndiye aliyepigwa.

Majike walitawanyika. Dume alitembea kidogo, akapiga magoti, akalala.

Arvid alivuta komeo, ganda la risasi likaruka thelujini likifuka, akasukuma risasi nyingine ndani, akafunga kitufe cha usalama. Kisha akavua kofia akajifuta uso, na Nedra akageuka kuangalia miti, maana mzee yule hakuwa mtu wa kutazamwa wakati kama huo.

Walipofika kwa mnyama walikuta risasi imeingia nyuma ya mguu wa mbele, mahali penyewe hasa. "Sawa," alisema Arvid, akamgusa elki shingoni. Wakaanza kuchuna, Nedra kwa kisu, mzee akishika miguu na kutoa amri. Bunduki iliegemezwa kwenye gogo, karibu na mkono.

Nedra alikuwa ameshatoa paja moja la nyuma alipoona kwamba ndege wamenyamaza. Aliinua kichwa. Dubu alikuwa amesimama pale elki walipotokea, mabega yamefura, pua juu, akiusoma upepo. Upepo ulikuwa ukitoka kwao kwenda kwake.

"Baba," alisema. "Usigeuke haraka. Inuka polepole, uje nyuma yangu."

Mzee aligeuka, akaona. Nedra alikuwa ameshaichukua bunduki na kufungua kitufe cha usalama. Dubu alianza kuja, si kwa kukimbia, kwa ule mwendo wa mtu mwenye nyumba anayekuja kuuliza nani yuko jikoni kwake.

"Mpige," alisema Arvid.

"Simpigi. Anzeni kurudi nyuma."

"Anzeni nani? Niko peke yangu. Mpige, Nedra, ni nyama yetu."

"Baba, rudi nyuma."

Walirudi, hatua kwa hatua, yeye akizungumza na dubu kwa sauti nzito ya kawaida, akimwambia sawa, sawa, chukua, sisi tunaondoka. Alichagua kichaka kidogo cheusi. Akajipa ahadi: akikipita kile, napiga. Ndani ya darubini ya bunduki dubu alikuwa manyoya matupu. Na katikati ya yote yale, swali la miezi lilikuja likasimama mbele yake, wazi, kwa utulivu wa ajabu: italia? Hata na friza lote lile, hakuwa na jibu. Kidole chake kilikuwa mahali pake, na alijua kwamba atavuta vilevile, jibu au hakuna.

Dubu alifika kwa elki, akasimama, kisha akashusha kichwa na kuwajia mbio.

Alikipita kichaka. Nedra alikuwa ameshaanza kukivuta kifyatulio pale wingu jekundu lilipopita pembeni ya shavu lake kwa sauti ya tairi linalotoboka. Mzee Arvid alikuwa amelitoa kopo lake la pilipili na kulikamua lote, mkono umenyooka kabisa. Dubu aliingia katika wingu, akapiga chafya, akageuka kwa kishindo kilichorusha theluji, akarudi kwa elki akijisugua uso ardhini. Kisha upepo, ule ule uliowasaliti, ukageuka na kuwaletea wao sehemu yao.

Walishuka mlima wakikohoa, wamefumba macho nusu, wanashikana mikono ya makoti kama vipofu. Kamasi ziliwatiririka. Hawakuwa na nyama hata kidogo. Walipofika kwenye kijito waliosha nyuso kwa maji ya barafu, na hapo ndipo mzee aliposema, sauti imekauka, "Ungempiga?"

"Nilikuwa navuta."

"Ingelia?"

Nedra alijimwagia maji tena kabla ya kujibu. "Sijui, Baba. Nadhani ndiyo. Sijui."

Arvid alitikisa kichwa, akakohoa, akatema. "Mimi nilishika kopo," alisema. "Si kwa sababu ya ufagio wako. Ungemuua, tungeshinda wiki nzima tukijieleza kwa askari wa wanyamapori. Nimezeeka, sitaki kuongea na watu kiasi hicho."

Kwenye pikapu Nedra aliigeuza bunduki kuelekea kilimani ili aitoe risasi. Angeweza kuipiga kwenye udongo, ajue. Alisimama kidogo akiliwaza hilo, kidole kiko mbali na kifyatulio. Kisha akavuta komeo, risasi ikamwangukia kiganjani, safi, haijaguswa, akaitia mfukoni.

Kesho yake Lyle, aliyerudi usiku, alipanda na majirani wawili na farasi. Walikuta dubu ameshamfukia elki kwa udongo na majani, amelala juu ya lundo kama mwenye duka. Wakamwachia. Lyle aliokota kofia ya baba yake na ganda la risasi, akarudi. Majira yale ya baridi nyumba ile ilikula kuku wengi.

Jumapili Nedra alitandaza magazeti juu ya meza ya jikoni akaifungua bunduki yote, maana theluji ilikuwa imeingia kila mahali, na pilipili pia. Alikuwa amevaa miwani ya kuogelea ya mtoto wa Thora, kwa sababu kila alipofuta, macho yalimwasha. Mzee Arvid aliingia na kikombe chake cha kahawa, akamtazama, akavuta kiti akaketi.

"Hiyo pini inatokaje?" aliuliza.

Nedra alimwonyesha: unabana hapa, unazungusha, unaachia pole. Mzee aliweka kikombe chini akanyoosha mkono, naye akampa komeo. Vidole vyake virefu vilibana, vikazungusha, na vikaachia, lakini si pole. Springi iliruka, ikagonga taa, ikaanguka mahali fulani upande wa jiko.

Wote wawili walisikiliza inakobiringika.

"Magoti yangu hayashuki," alisema Arvid. "Nitakushikia tochi."

Nedra alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye vigae, mkono mzima chini ya jokofu.

"Kushoto," alisema mzee, akimulika kulia.